Kutoka Koroboi Hadi Daunlaiti: Historia ya Mwanga Katika Nyumba Zetu



Misimu yetu ya harusi inajulikana: Shaabani kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi baada yake. Sisi tunaoshona nguo za maharusi na mapazia huingia nyumba nyingi mpya nyakati hizo, na swali ni lile lile. Nyumba imekwisha, dari ya jipsamu imeshapigwa, fundi umeme kasimama na msumeno wa kukatia matundu, anauliza: "Daunlaiti ngapi, na tutoboe wapi?" Bibi harusi anamtazama mama yake, mama anamtazama fundi, mwisho fundi anaamua mwenyewe.

Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa kupitia historia. Mwanga wa nyumbani una safari ndefu hapa kwetu, na mwanamke akiijua safari hiyo hatapata tabu kumjibu fundi.

Taa iliyokaa karibu na mtu

Nyumba za zamani za pwani, kuanzia Lamu na Pate mpaka Unguja, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba, upana wake mita 2.5 hadi 3 hivi, ingawa urefu wake unaweza kuwa mkubwa sana. Juu hapakuwa na pa kuficha taa. Taa ilikaa ukutani ndani ya kidaka, au ikawekwa chini, au ikaning'inizwa kwa mnyororo. Iliwashwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, yakanywewa na utambi wa pamba.

Sura ya An-Nur, aya ya 35, inapotaja taa ndani ya shubaka, na taa hiyo imo ndani ya kioo, na mafuta yake ni ya mzaituni uliobarikiwa, bibi zetu hawakuhitaji kuchorewa picha. Shubaka lilikuwa ukutani kwao. Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kwa sababu panya anaweza kuukokota utambi akawaunguzia watu nyumba. Taa ni neema, lakini ni moto pia. Hili tulishike, tutalirudia.

Taa ya zamani ilimfuata mtu. Anayesuka ukili aliiweka ubavuni, anayesoma msahafu akaisogeza, anayekwenda uwani akaibeba. Mwanga ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa pale kazi ilipo.

Bila shaka haukuwa wa watu wote sawasawa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 ameeleza jinsi mabibi wakubwa wa Unguja walivyotembeleana usiku wakitanguliwa na mafanusi makubwa. Waliobeba mafanusi yale walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Tunapousifu uzuri wa zamani tusisahau ni mikono ya nani iliyoushika mwanga.

Mafuta ya taa yaingia

Mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville, Pennsylvania, Marekani, na katika miaka iliyofuata mafuta ya taa yakasafirishwa duniani kote. Kwetu yalizaa koroboi, kile kibatari cha kopo na utambi, na yakaleta kandili yenye chemni. Kuisafisha chemni ilikuwa kazi ya watoto wa kike kila alasiri: kuifuta masizi kwa kitambaa, kuukata utambi usawa, kutia mafuta kabla ya Magharibi. Utambi ukikatwa upande, taa inatoa moshi na chemni inapasuka.

Kisha ikaja karabai. Hii sisi mafundi wa charahani tunaipenda, kwa sababu siri yake ni kitambaa. Carl Auer von Welsbach wa Austria alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1885: kifuko cha kitambaa kilichoroweshwa kwenye chumvi za madini, ambacho kikichomwa uzi unateketea na linabaki jivu lenye umbo lile lile, likipata moto linang'aa mweupe. Karabai ikawa taa ya maulidi, ya harusi na ya wavuvi. Ilikuwa na mwanga mkali na mvumo wake, na ilihitaji pampu. Haikuwa taa ya kila siku, kwani mafuta yalikuwa na bei. Kwa hivyo bibi zetu walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: mwanga mkali ni wa shughuli, mwanga mdogo ni wa kukaa.

Umeme wapanda darini

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, linakumbukwa kuwa jumba la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na ndiyo sehemu ya ajabu iliyompa jina. Kutoka majumba ya wakubwa umeme ulikwenda polepole kwenye mitaa ya mji, na vijiji vingi vilingoja miaka mingi sana.

Ulipofika, taa ilihama. Globu moja ilining'inia katikati ya chumba, swichi moja mlangoni. Ilikuwa raha kubwa, hakuna moshi wala masizi. Lakini taa haikumfuata tena mtu. Mtu ndiye aliyeifuata taa. Aliyekaa pembeni na charahani yake alijishonea kivulini mwake. Jikoni globu ilikuwa nyuma ya mgongo wa mpishi, na kivuli kikaanguka juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Hakuna aliyemuuliza mama anasimama wapi anapopika.

Umeme ukatufunza na somo jengine. Tangu mwaka 1980 Unguja ilipata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kiliingia gizani kwa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, vyakula vikaharibika, wanafunzi wakarudi kwenye koroboi. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa wasichana wakati ule, tunakumbuka ndoo na foleni za maji. Waya mpya mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, na Pemba nayo iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Hata hivyo nyumba ya kisiwani inayomtegemea mtu wa mbali kwa mwanga wake wote haijakamilika. Na vijijini kuna wanawake waliolijua hilo mapema: wapo mama na bibi wa visiwa hivi waliofundishwa ufundi wa umeme wa jua, kwanza Tilonia kule Rajasthan, India, na baadaye Kinyasini hapa hapa Unguja. Wengine hawakusoma skuli hata kidogo, na leo taa za majirani zao wamezifunga wao.

Daunlaiti imetoka wapi

Daunlaiti, yaani taa inayozama ndani ya dari na kumulika chini, ilipendwa kwanza madukani, kwenye kumbi na mahotelini. Kwa miaka mingi ilitumia globu ya halojeni, nyingi za wati 50, zenye joto kali lililohitaji nafasi kubwa juu ya dari. Haikufaa nyumba ya kawaida.

Kilichobadilisha mambo ni LED. Taa nyekundu na za kijani za aina hiyo zilikuwapo zamani, ila ya buluu ilisumbua wataalamu kwa miongo. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioifanikisha, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwanga mweupe wa LED nyingi ni mwanga wa buluu uliopitishwa kwenye unga wa manjano. Kwa hiyo LED rahisi huwa na upungufu wa rangi nyekundu. Dada, hapo ndipo kanga nyekundu inapofifia, hina ikaonekana ya udongo, dhahabu ikapauka, na uso wa bibi harusi ukawa kama mgonjwa. Kosa si la kitambaa wala la mpambaji.

LED zikawa nyembamba, dari za jipsamu zikaenea, na leo kila mwenye kumaliza nyumba anatoboa. Taa ambayo ilikuwa moja kidakani, kisha moja katikati ya dari, sasa ni kumi na sita ukumbini.

Kumjibu fundi

Tukichukua safari yote hii, swali la kwanza si "ngapi". Swali ni lile la kidaka: nani anakaa hapa, na anafanya nini? Chukua chaki, ingia chumba kitupu, weka alama sakafuni pa kitanda, pa meza, pa jiko, pa mswala. Kisha ndipo utazame juu.

Ukumbini, kianzio kinachotumika ni kuachanisha taa kwa nusu ya urefu wa dari. Dari ikiwa mita 2.8, taa na taa mita 1.4, na kutoka ukutani sentimita 70. Ukumbi wa mita 4.2 kwa 4.2 unatoshwa na taa tisa. Taa kumi na sita za wati 12 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula karibu yuniti 29 kwa mwezi. Tisa za wati 7 hazifiki yuniti 10. Tofauti hiyo utailipa TUKUZA kila mwezi. Zigawe kwa swichi mbili au tatu: ya wageni, ya kukaa. Hii ndiyo karabai na koroboi zako.

Feni nayo ipimwe. Taa ikikaa juu ya mapanga ya feni, mwanga unakatikakatika chumba kizima na kichwa kinauma. Taa ziwe nje ya duara la feni.

Jikoni, taa iwe juu ya ukingo wa meza ya kupikia, mbele yako, isiwe nyuma ya mgongo.

Chumbani, usiweke taa juu ya mto. Mtoto mchanga analala chali, na macho yake yanatazama hapo hapo. Taa za pembeni na taa moja ndogo ya ukutani zinatosha.

Rangi ya mwanga inaandikwa kwenye boksi kwa kelvini. 2700 hadi 3000 ni wa manjano, wa kupumzikia, unapendeza chumbani na ukumbini. 4000 ni wa kati, mzuri wa jikoni na wa kushonea. 6500 ni mweupe wa kibuluu, wa duka la simu. Tafuta na herufi CRI. Namba yake ikiwa 90 au zaidi, rangi za nguo utaziona kwa haki. Boksi lisiloandika chochote ila wati, lirudishe. Bora zaidi, nenda dukani na kipande cha kanga nyekundu ukakitie chini ya taa.

Na tulisema taa ni moto. Hewa yetu ina chumvi inayokula vibanio na nyaya, basi chooni na barazani chukua zilizozibwa zisiingie maji, na fundi asikubali kuunganisha waya kwa tepu tupu ndani ya dari. Humo hutaona kitu mpaka pachomeke.

La mwisho ni la sitara. Nyumba za mababu zilikuwa na giza la kuwasitiri wanawake: taa chini, dirisha juu, ukuta mnene. Nyumba zetu mpya zina madirisha mapana ya vioo na mwanga unaomwagika kutoka juu. Usiku, pazia jepesi likiwa na taa kali ndani linamwonyesha mpita njia kila kinachopita, na dera jepesi mbele ya taa halifichi umbo. Kabla hujahamia, washa taa zote baada ya Isha, vaa baibui lako, toka nje na muhrim wako au dada yako, mtazame nyumba kutoka njiani. Mtakachokiona ndicho wanachokiona watu. Shona bitana ya pazia kwanza, taa za mapambo baadaye.

Bibi zetu walipewa mwanga bila kuulizwa: wengine waliubeba kwa ajili ya wenzao, wengine wakapikia kivulini mwao. Wewe leo unaulizwa na fundi kabla tundu halijakatwa, basi usimtazame mtu mwengine.

Allah azijaalie nyumba zetu ziwe na nuru kabla ya taa, na ndoa zetu ziwe na utulivu na mapenzi. Amin. Wabillahi tawfiq.