Nishani za Jubaland Zisomwe Ukingoni

Nishani ya vita vya Afrika, ambayo Uingereza iliianzisha mwaka 1902, ni duara la fedha lenye upana wa milimita 36. Usoni kuna kichwa cha mfalme. Mgongoni amesimama Britannia na simba wake, jua linachomoza, na chini pamechongwa neno AFRICA. Utepe wake ni wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Kwa kuwa nishani ilikuwa moja kwa bara zima, kuanzia Gambia hadi Nyasa, vita alivyopigana askari vilitajwa kwenye pau ndogo iliyobanwa juu ya utepe. Pau mbili kati ya hizo zinahusu nchi ya Wasomali iliyotawaliwa wakati huo kutoka Kismayu: "Jubaland", kwa ajili ya mapigano ya 1900 na 1901, na "Jubaland 1917-18". Wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta kwa sababu ni adimu, na uadimu ndio unaopandisha bei mnadani. Kwangu mimi bei hiyo imepimwa kwa kipimo kisichofaa. Nishani hizi ni hati za historia ya Garissa, Wajir na Mandera, na sehemu yake yenye maneno mengi zaidi ni ile ambayo mnunuzi huitazama mwisho, yaani ukingo, palipogongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake.

Tuichukue hiyo pau ya pili. Februari 1916, Waingereza wakiwa wameshughulika na Wajerumani huko Taveta na kusini, wapiganaji wa ukoo wa Kisomali wa Aulihan walioongozwa na Abdurrahman Mursaal waliivamia boma ya Serenli kando ya mto Juba, wakamuua Luteni Elliott na wengi wa askari wake. Serikali ikarudi nyuma, hata Wajir ikaachwa kwa muda. Adhabu ilikuja mwaka uliofuata kupitia kikosi cha tano cha King's African Rifles, wale ambao watu wetu waliwaita keya. Ngamia walikamatwa na bunduki zikanyang'anywa. Atakayesoma uso wa nishani ataona vita kati ya mfalme wa Uingereza na jangwa tupu. Atakayesoma ukingo atakuta majina ya Waafrika, mengi yakiwa yameharibiwa na karani aliyeandika alichosikia, ya watu waliotolewa mbali kuja kupigana na Waafrika wenzao kwa mshahara. Keya iliajiri watu wa Nyasa, Wasudani na Wasomali pia. Ukingo mmoja haujengi hoja. Ukizikusanya kingo nyingi pamoja, ukaziweka kando ya ripoti za wilaya, utaanza kuona nani alilipwa kumpiga nani, jambo ambalo ripoti zenyewe hulipitia kwa maneno mawili tu, "askari wetu".

Jubaland yenyewe ilileta mkanganyiko wa aina nyingine. Uingereza ilikubali mwaka 1924 kuikabidhi kwa Italia, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1925, kama sehemu ya malipo kwa kushirikiana nayo katika vita vikuu vya kwanza. Tangu hapo nishani zenye pau hiyo huorodheshwa chini ya Somalia, na Mkenya anayetafuta historia ya Garissa hazitazami. Ilhali Aulihan hawakukatika vipande mpaka ulipochorwa upya. Wako Lagdera, huku Garissa, na wako ng'ambo ya mpaka. Mambo yaliyotokea Serenli ni historia ya Kenya kwa sababu rahisi kwamba serikali iliyopeleka jeshi ilikaa Nairobi, na walionyang'anywa ngamia walikuwa wa koo ambazo leo zinapiga kura Garissa.

Kuna watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba nishani ni sauti ya mshindi. Hakuna pau iliyotengenezwa kwa ajili ya Abdurrahman Mursaal. Kwa nini mjukuu wa aliyenyang'anywa ngamia ahangaike na kipambo cha aliyemnyang'anya? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama tungeziheshimu nishani jinsi mtoaji wake alivyotaka ziheshimiwe. Lakini kusoma hati si kuisujudia. Serikali ya kikoloni mara nyingi ilieleza harakati zake kaskazini kuwa ni doria, au kutuliza ghasia za mifugo na visima. Ilipogonga pau yenye tarehe, ilikiri kwa mkono wake kwamba ile ilikuwa vita. Ushahidi wa namna hiyo, unaotoka kwa mshtakiwa mwenyewe, ni wa kushika kwa mikono miwili. Na ule upande usio na nishani unabaki katika mashairi na masimulizi ya wazee, ambayo yatakuwa na uzito zaidi yakiwa na tarehe ya kushikamana nayo.

Vita vikuu vya pili vinalipa suala hili sura ngumu zaidi. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, mpaka wote wa kaskazini ukawa uwanja wa mapambano. Moyale ilihamwa Julai mwaka huo. Tarehe 16 Desemba, Waafrika Kusini chini ya Brigedia Dan Pienaar pamoja na askari wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliwashambulia Waitalia El Wak. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka Tana pale Garissa yakaelekea mashariki. Kismayu ikatwaliwa tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Malipo ya wote hao yakawa Africa Star, nyota ya ncha sita yenye utepe wa rangi ya mchanga, ile ile aliyopewa aliyepigana Tobruk. Nyota ya Mwafrika Kusini ina jina lake nyuma, kwa kuwa nchi yake ilizichonga. Ya keya, na ya askari wa Gold Coast aliyepigana El Wak, haina kitu. Ukiiokota nyota hiyo sokoni leo, huwezi kujua kama ilitoka Libya au Liboi.

Hapa mtu makini atanikatiza: nyota za Waingereza wenyewe nazo hazikuchongwa majina, maana Uingereza ilikuwa inabana matumizi. Ni kweli, na anayedai kwamba ukimya wa nyota hizi ni ubaguzi mtupu anakosea. Tofauti iko kwenye karatasi. Mwingereza ana faili la utumishi, ana jina kwenye mnara wa kijiji chao, na kama alikufa ana kaburi lenye jina. Kwa Waafrika wengi mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2021 ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kitu kisicho na jina, cha mtu asiye na faili, hubaki na shahidi mmoja tu, naye ni jamaa anayejua kilivaliwa na nani. Kikishauzwa bila maelezo yake, ushahidi umekwisha, hata kama chuma kipo na kinang'aa. Inafaa kukumbuka kwamba Ghana iliuita uwanja mmoja wa michezo wa Accra El-Wak. Jina la mji ulioko Mandera linatamkwa huko kwenye mpira, na si ajabu mashabiki wengi hawajui mji huo uko wapi.

Kwa nini basi kaskazini mashariki hapajawa na utamaduni wa kukusanya, wakati Taveta watalii wanapelekwa kilima cha Salaita kuona palipopiganwa Februari 1916? Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Nishani zote nilizozitaja, beji za kofia, mitungi ya maji ya Waitalia, vyote vimeachwa nje ya mstari huo, mpaka waziri aamue kuvilinda. Sababu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Hali ya hatari ilitangazwa huku Desemba 1963, wiki chache baada ya uhuru, na amri zake hazikuondolewa mpaka 1991. Kwa karibu miaka thelathini, nyumba ilipopekuliwa, beji ya jeshi sandukuni isingetafsiriwa kuwa kumbukumbu ya babu. Katika mazingira hayo kutupa kulikuwa busara. Anayewalaumu watu wa Garissa kwa kutotunza historia yao aanze kwa kuhesabu misako waliyopitia.

Sisemi kwamba kuuza ni dhambi. Familia yenye ukame mlangoni haiwezi kuambiwa ikae na fedha kabatini kwa faida ya watafiti. Lakini kabla dalali hajaondoka nayo, piga picha ukingo na mgongo wa nishani, andika ilikuwa ya nani, mtoto wa nani, alitumikia wapi, na picha hiyo ibaki nyumbani na nakala iende makumbusho. Usiisugue kwa mchanga ing'ae, maana herufi hufutika. Usikubali zitenganishwe ikiwa ni kadhaa za mtu mmoja, kwa kuwa mpangilio wake ndio wasifu wake. Maganda ya risasi yasomwe chini, penye herufi za kiwanda na mara nyingi mwaka, lakini bomu au risasi ambayo haijalipuka isiguswe hata na mkusanyaji hodari, aitwe polisi. Na ninyi mnaonunua, ulizeni jina kabla ya kuuliza bei.