Krachi: Wilaya Iliyohamishwa na Maji

Wilaya ya Krachi, mashariki mwa Ghana, ilizaliwa pale mto Oti unapoingia Volta. Kabla ya serikali yoyote ya kikoloni, mahali hapo palijulikana kwa mambo mawili: pango la mzimu wa Dente, ambao kuhani wake aliogopwa mbali na kwao, na mitumbwi ya chumvi iliyopanda mto kutoka Ada, pwani. Waingereza walipoishinda Asante mwaka 1874, Krachi ilijitoa chini ya himaya hiyo, na kuhani wa Dente akawaongoza majirani waliojitoa pamoja naye.

Vita vya mji wa Salaga vya 1892 vilileta Krachi wafanyabiashara Wahausa, mtaa wao wa Kete ukakua. Humo aliishi Alhaji Umar, mzaliwa wa Kano, mwanachuoni na malenga wa Kiarabu na Kihausa, hadi alipofariki mwaka 1934. Wajerumani waliingia 1894, wakamwua kuhani wa Dente na kuweka kituo chao cha utawala. Waliondolewa 1914, na kuanzia 1922 Krachi ikawa sehemu ya Togo ya Waingereza, chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa kama Tanganyika. Katika kura ya maoni ya 1956, wilaya ya Buem-Krachi ilichagua kuungana na Gold Coast, ingawa wilaya za Ho na Kpando zilitaka kubaki mbali. Mwaka uliofuata Gold Coast ikawa Ghana.

Hata hivyo, hakuna bendera iliyoibadili Krachi kama Bwawa la Akosombo kwenye mto Volta. Maji yalianza kujaa 1964, yakaumeza mji wa kale na mashamba ya bondeni. Nchini kote watu wapatao 80,000 walihamishwa. Kete Krachi ikajengwa upya mahali pa juu. Waliopoteza mashamba waliona umeme ukienda mijini miaka mingi kabla haujawafikia, na deni hilo, kwa maoni yangu, halijalipwa. Ziwa lililotokana na bwawa hilo nalo lilileta wavuvi Waewe kutoka kusini, wakaanzisha vijiji vipya kando ya maji.

Wilaya imegawanywa tangu hapo: Krachi Mashariki ilitengwa 2004, Krachi Nchumuru 2012. Mkoa wa Oti ulipoundwa 2019, makao makuu yakawa Dambai, si Kete Krachi. Mtu wa Kete Krachi mwenye shida na ofisi ya mkoa sasa huvuka mkono wa ziwa kwa pantoni, na pantoni ikiharibika, barua yake husubiri.