Trauti katika Mto Gura: Uvuvi wa Nzi Bandia na Haki ya Ukingo katika Nyandarua

Historia ya trauti nchini Kenya huanzishwa, kwa kawaida, mwaka 1905, Ewart Grogan alipoagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa katika Mto Gura. Mto huo hushuka kwa kasi kutoka safu ya Nyandarua, maji yake yakiwa baridi na yenye hewa nyingi. Trauti huhitaji hali hiyo hasa; maji yakizidi nyuzi 20 za selsiasi hudhoofika. Mwaka 1910 waliongezwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini.

Masimulizi ya walowezi hulitaja tukio hili kana kwamba mto haukuwa na wenyewe. Dai hilo halikubaliki. Ni kweli kwamba Wakikuyu wengi hawakula samaki, na kwa hiyo trauti hakumpokonya mtu kitoweo chake. Kilichopokonywa ni ukingo. Ardhi kubwa ya nyanda za juu ilitengewa Wazungu, misitu ikawekwa chini ya serikali ya kikoloni, na aliyetaka kuvua alihitaji leseni.

Mbinu yenyewe ilichangia kuwatenga watu. Nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana mfano wa mdudu. Kwa kuwa hana uzito, hurushwa kwa uzito wa mshipi. Na kwa kuwa trauti hulala akielekea mkondo unakotoka, mvuvi humwendea kwa nyuma, akipanda mto. Ujuzi huo ni wa kweli, wala haufai kubezwa. Hata hivyo, kanuni ya kuruhusu nzi bandia pekee, iliyotetewa kwa hoja ya kuhifadhi samaki, ilimkataza nyungunyungu, chambo ambacho mtoto mchungaji angekichimba bila senti, ilhali ufito na gurudumu la mshipi viliagizwa ng'ambo.

Kituo cha kuzalisha trauti kilianzishwa Kiganjo mwaka 1948. Miaka minne baadaye Hali ya Hatari ilitangazwa, na msitu wa Nyandarua, ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, ukawa eneo la marufuku: mito ya starehe sasa ilikuwa uwanja wa vita.

Baada ya uhuru kituo cha Kiganjo kiliendelea mikononi mwa serikali. Ufungaji wa nzi bandia nao ulikwisha kuwa ajira ya Waafrika, wengi wao wanawake, waliofunga nzi kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani.