Ukemi Una Shule Yake Bungoma

Kundi la metali la Duma la Nairobi lilipotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikuwa rahisi kudhani kwamba ukemi wa mwimbaji wake, Martin Khanja, ni mgeni mtupu katika nchi hii. Muziki wa metali ni mgeni kweli. Lakini kupaza sauti kwa saa nyingi bila kuivunja si jambo geni, na magharibi mwa Kenya limekuwa likifunzwa tangu zamani, ingawa bila daftari wala ada.

Ushahidi wa kwanza ni tohara ya Wabukusu wa Bungoma, inayofanyika Agosti ya miaka shufwa. Kijana hugonga chinyimba, kengele za chuma, akizunguka kwa jamaa kuwaalika, na asubuhi ya mwisho hutolewa mtoni akiwa amepakwa matope huku umati ukiimba Sioyaye. Utazame wimbo huo ulivyopangwa: kiongozi hutupa mstari mfupi, umati unapokea, naye anavuta pumzi. Anaongoza akitembea, mara akikimbia, kwa hiyo asiyejua kutoa nguvu tumboni hafiki mbali. Mtoto huitikia umatini kwa misimu kadhaa kabla ya kuthubutu kuongoza, na hayo kwangu ni mafunzo kamili. Mgumu zaidi ni ushahidi wa kumuse, hotuba inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Mnenaji wake, kama alivyokuwa Manguliechi aliyesifika Bungoma nzima, husimama peke yake mbele ya waombolezaji, akitembea huku na huku na kunena kwa muda mrefu pasipo mtu kumkatiza. Hana waitikiaji wa kumpumzisha. Mapumziko yake yamo ndani ya hotuba yenyewe: katika hatua, katika kituo, katika kushusha sauti kabla ya kuipandisha tena.

Shule hiyo haikubaki Bungoma. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua, na familia nyingi za Wabukusu zilihamia Trans Nzoia na desturi zao. Baadaye Sioyaye ikavuka mipaka ya kabila, ikaimbwa hata na wanafunzi katika viwanja vya michezo nchini kote.

Kuna pingamizi lenye uzito. Mkwaruzo wa metali hutolewa hasa na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na mwalimu kama Melissa Cross wa New York hufundisha kuutoa bila kuzikaba nyuzi zenyewe. Sioyaye haidai ufundi huo. Nakubali. Hata hivyo mkwaruzo huo unasimama juu ya pumzi, na bila pumzi mwanafunzi hulikamua koo tu. Wengine watasema viongozi wa nyimbo nao hukaukiwa na sauti. Ndiyo, na waimbaji wa metali pia. Ufundi haujawahi kupimwa kwa wanaoanza.

Basi kijana wa Kitale anayetamani ukemi aanzie nyumbani: aitikie Sioyaye hadi pumzi ikomae, aketi kwenye kumuse asikilize mzee anapovuta pumzi, kisha atafute mwalimu wa mkwaruzo. Na koo likiuma, aache siku hiyo hiyo.