Reli iliyolipiwa dukani

Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta imekabwa koo. Shaba yake ilipita humo humo kwenda baharini. Njia ya reli hadi Dar es Salaam, Tanzania, ilihitajika haraka, lakini Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli hiyo haitalipa, na mataifa ya Magharibi yakafunga mikoba.

Aliyekubali ni maskini mwenzao Zambia na Tanzania. China ilitia saini makubaliano nao Beijing Septemba 5, 1967. Masharti ya fedha yakakamilishwa 1970: mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, ulipwe kwa miaka 30.

Vichwa vya treni na vyuma vya reli vingeweza kuja kwa meli. Mishahara ya vibarua wa Kitanzania na Kizambia je? Hiyo ilitaka shilingi na kwacha, na China haikuwa na fedha za kigeni za kumwaga. Basi ikaleta bidhaa. Baiskeli, vitambaa na vyombo vya nyumbani viliuzwa na mashirika ya biashara ya serikali, na mapato yakalipia gharama za ndani. Aliyenunua shuka la Kichina Morogoro alichangia tuta la reli bila kujua. Mpango wa werevu, ingawa ulizibana nchi mbili kununua kilicholetwa, zipende zisipende.

Kazi ilianza 1970. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye milima, mabonde na mahandaki, ndicho kilichowatoa wajenzi jasho. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini; wengi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Julai 1976 kilomita 1,860 zikakabidhiwa, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Kosa lilikuja baadaye. Fedha za kujenga zilipatikana, za kutunza hazikuwekwa. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kuzifikia, na mabehewa yakaoza.

Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi reli hiyo, TAZARA, kwa kampuni ya Kichina ya CCECC, itakayoweka dola bilioni 1.4. Mwaka 1970 alikuja mkopeshaji asiyetaka riba. Sasa amekuja mwekezaji anayetaka faida. Hilo si dhambi, ila mkataba wake usomwe kifungu kwa kifungu, hasa vile vya matengenezo.