Lango la Mtandao: Kutoka AppleTalk hadi Intaneti
Kompyuta za Macintosh ziliunganishwa kwa AppleTalk, mfumo wa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano baina ya mashine, uliotolewa na Apple mwaka 1985, na ambao sifa yake kuu ilikuwa wepesi: kompyuta ilipowashwa ilijichagulia namba ya anwani, ikauliza mtandaoni kama namba hiyo ina mwenyewe, na ikijibiwa kuwa inaye ilijaribu nyingine, bila fundi kugusa chochote. Kebo zake, hata hivyo, zilipitisha biti 230,400 tu kwa sekunde, ilhali Ethernet, mtandao wa kebo wa vyuo vikuu, ilipitisha milioni 10.

Mitandao hiyo miwili iliunganishwa na lango la mtandao, kifaa kilichochomekwa katika yote miwili, kama FastPath ya kampuni ya Kinetics, iliyotokana na kazi ya Bill Croft katika Chuo Kikuu cha Stanford. Lango halikugusa ujumbe wenyewe. Pakiti ya intaneti, ambayo ni kipande cha data chenye anwani ya kinakokwenda, ilifungwa ndani ya pakiti ya AppleTalk, ikasafirishwa hadi langoni, na huko ikafunguliwa na kuendelea na safari kwenye Ethernet.