Afya ya Akili Katika Mashirika Yasiyo ya Kiserikali: Kozi Ipi Isomwe Kwanza

Mhitimu wa kidato cha nne au cha sita anayekusudia kufanya kazi ya afya ya akili katika shirika lisilo la kiserikali hukabiliwa na kozi zenye majina yanayokaribiana: saikolojia, ushauri nasaha, ustawi wa jamii, uuguzi wa afya ya akili. Majina yanakaribiana, lakini mamlaka anayopewa mwenye cheti hayalingani, na tofauti hiyo mara nyingi hubainika siku mradi unapofungwa.

Mashirika hayo, ambayo kwa Tanzania Bara husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, hayagawani faida, na mengi hulipa mishahara kwa fedha za wafadhili. Mkataba wa mtumishi hudumu kadiri mradi unavyodumu. Mfadhili anapoondoka, muuguzi mwenye leseni huweza kuomba kazi katika hospitali au kituo cha afya. Aliyesoma kozi ya miezi michache ya unasihi huenda asiwe na mahali pa kuipeleka. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwombaji liwe ni kazi gani cheti kitamruhusu kuifanya kisheria.

Njia ndefu kuliko zote ni ya udaktari bingwa wa magonjwa ya akili: miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha miaka 3 ya shahada ya uzamili, ambayo hutolewa, miongoni mwa vyuo vingine, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Ni mashirika machache yanayomudu kumwajiri bingwa kwa muda wote. Mengi humwita kwa siku maalumu za kliniki.

Kwa kijana asiye na uhakika wa ada ya miaka mingi, uuguzi ndio wenye manufaa zaidi. Stashahada yake huchukua miaka 3 na huhitaji ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia katika kidato cha nne. Mhitimu husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na anaweza kujiendeleza hadi uzamili wa uuguzi wa afya ya akili. Katika kliniki ya shirika, muuguzi ndiye anayefuatilia dawa, anayetambua madhara yake mapema na anayejua ni lini mgonjwa apewe rufaa. Kazi hiyo mshauri nasaha hawezi kuishika, hata awe na kipaji cha kusikiliza kiasi gani.

Asiye na masomo ya sayansi hana sababu ya kukata tamaa. Ustawi wa jamii husomwa kuanzia ngazi ya cheti hadi shahada, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyotambulika zaidi katika fani hiyo. Mhitimu wake hushughulika na familia, makazi, unyanyasaji na umaskini, yaani mambo ambayo mara nyingi humrudisha mgonjwa hospitalini wiki chache baada ya kuruhusiwa.

Saikolojia inahitaji tahadhari. Shahada ya kwanza hufundisha nadharia na utafiti, lakini peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba. Hatua hiyo huhitaji uzamili wenye mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi. Anayeanza njia hii aweke bajeti ya hatua zote mbili.

Kozi fupi nazo zina nafasi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2010 umekusudiwa wahudumu wasio mabingwa. Nchini Zimbabwe, mradi ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari bingwa Dixon Chibanda uliwafunza akina bibi kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki, na utaratibu huo baadaye ulifika Zanzibar. Hata hivyo, akina bibi hao hufanya kazi chini ya wasimamizi wenye taaluma.

Mwombaji achunguze pia iwapo mtaala unafundisha sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumlaza mgonjwa bila hiari yake. Mtumishi wa shirika hukutana na mambo hayo mapema kuliko anavyotarajia.

Mahali pa kujifunzia kwa vitendo pasidharauliwe. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma huonesha upande wa Serikali. Lutindi, wilayani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya misheni kwa watoto yatima waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa hufanya kazi za shamba na karakana kama sehemu ya tiba.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji ahakikishe kuwa chuo na kozi yenyewe vimo katika mwongozo wa udahili wa NACTVET kwa ngazi ya cheti na stashahada, au wa TCU kwa shahada. Kwa kozi za afya, aliulize baraza husika iwapo litamsajili mhitimu wa kozi hiyo.